Rubabu uani kwetu Morley: shajara ya mradi, 2022 hadi 2025

19 Novemba 2022

Leo nimeanza. Uani kwetu hapa Morley, kusini mwa Leeds, kipo kipande cha ardhi cha hatua nne kwa mbili ambacho tangu tuhamie kimekuwa makaburi ya baiskeli za watoto. Nimekisafisha asubuhi nzima nikiwa nimetoka zamu ya usiku, macho mekundu. Mke wangu alitaka tupande sukumawiki. Nikamwambia sukumawiki tunaipata sokoni, mimi nataka kitu kichachu.

Aliyekulia Tanga atanielewa. Kwa bibi yangu kulikuwa na mbirimbi pembeni ya kisima, matunda yameng'ang'ania shina lenyewe. Ukipita unachuma, unachovya kwenye chumvi na pilipili, unafumba jicho moja. Achari yake ndiyo iliyokuwa ikiushusha wali. Huku nimekaa miaka tisa nakamulia ndimu kila kitu, na ukwaju tunaoupata ni ule wa kipande kilichoshindiliwa kama sabuni ya mche. Basi mwezi wa sita mtu akaleta keki kazini, ina vipande vya rangi ya waridi katikati. Nikauma. Meno yakaingia ganzi, jicho moja likafumba lenyewe. Nikauliza, hiki nini?

Kinaitwa rhubarb. Watu wa huku wakilitamka utasikia "rubab", kwa hiyo mimi naandika rubabu, na mwenye neno lake aliweke. Kinacholiwa si tunda, ni kikonyo, ule mkono unaobeba jani. Na kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nakaa kisimani nalia kiu: eneo lililo kati ya Wakefield, Morley na Rothwell, kama maili 9 za mraba, ndilo linaloitwa Pembetatu ya Rubabu, na hakuna Mwingereza asiyelijua ila mimi niliyekuwa nalipita kwa basi kila siku.

Nimepanda visiki viwili. Kisiki naliita lile gutu la mizizi linalobaki ardhini mwaka hadi mwaka. Majani hufa yote wakati wa baridi, lenyewe halifi. Cha kwanza ni aina ya Timperley Early, nimekinunua dukani paundi 8. Cha pili ni Victoria, nimepewa bure na mzee wa upande wa pili wa ukuta, mtu wa miaka themanini na kitu ambaye kwa mwaka mzima tulikuwa hatujapita "habari za asubuhi". Nilipomtajia rubabu akafungua geti.

Lake lilikuwa donge kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Akaling'oa kwa uma wa shamba, akaligeuza, akatafuta nafasi kati ya jicho na jicho, yaani pale vikonyo vinapochipukia, akaweka ncha ya sepeto na kulikanyaga kwa kiatu. Likalia kama muhogo unaovunjwa. Ndani njano, njano ya manjano mbichi kabisa, hata nikainama kunusa nikitegemea harufu ya mchuzi. Nikapata ya udongo. Pande alilonipa lilikuwa na macho matatu mekundu, kila moja kama dole gumba. Nyumbani kwangu akalaza sepeto chini kuonyesha nafasi ya kuacha kati ya kisiki na kisiki, ni kama mita moja. Shimo likajazwa samadi ya farasi iliyooza, macho yakaachwa yachungulie juu ya udongo. Akaukanyaga udongo pembeni, akanikazia macho: mwaka wa kwanza usichume hata kimoja.

11 Desemba 2022

Baridi imekuja ya kukata masikio. Tangu katikati ya wiki hakujapanda juu ya sifuri ila saa chache mchana, na asubuhi uani kote ni jalidi, majani yanavunjika chini ya kiatu kama chipsi.

Nimempigia Mama Tanga, nikamwonyesha kwa video. "Mwanangu, na hako kammea kako umekaacha hivyo hivyo nje? Hata binadamu huko anakufa." Nikaona aibu. Nimekwenda kuvifunika: ndoo mbili za samadi mbichi juu ya Timperley, kisha majani makavu, kisha nailoni na mawe pembeni. Samadi iliishia hapo, Victoria ikapata majani makavu tu.

4 Machi 2023

Nimefunua. Victoria imetoa vichwa vitatu vyekundu vilivyokunjamana kama ubongo, vinapendeza ajabu. Timperley nimeishika kwa kidole, kidole kikazama. Katikati kumekuwa uji wa kahawia, unanuka kama kabichi iliyosahaulika ndani ya mfuko, na chini ya nailoni walikuwamo koa kumi na mbili wamelala kama wamepanga chumba.

Mzee ameangalia juu ya ukuta. Hakucheka, ila alichelewa kusema.

Nimekaa jioni nzima nasoma, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kununua nailoni. Huu mmea asili yake ni Siberia na Asia ya kati. Wagiriki wa kale waliuita mto Volga "Rha", na inasemekana jina la rubabu limetokana na hapo, kwa vile mizizi yake ilikuja Ulaya kwa njia hiyo. Mizizi, si vikonyo: kwa karne nyingi watu waliitafuta kama dawa ya kufungua choo, hasa ile iliyotoka China, ya jamaa yake wa karibu. Mwaka 1839 ofisa wa China, Lin Zexu, aliandika barua kwa Malkia Victoria kupinga biashara ya afyuni, na humo akamkumbusha kwamba chai na rubabu za China ni vitu ambavyo mataifa ya nje hayawezi kuishi bila kuvipata. Kwa maneno mengine, tukifunga bandari mtafunga choo. Nimecheka peke yangu jikoni. Na aina niliyopewa na mzee ilipewa jina la malkia huyo huyo. Joseph Myatt, mkulima wa Deptford, aliitoa mwaka 1837, mwaka alioanza kutawala. Kula vikonyo kwenyewe kulienea tu sukari iliposhuka bei.

Sasa mmea wa Siberia mimi nimeuvika blanketi. Baridi ndiyo inayouambia kwamba mwaka umeisha, sasa lala. Bila wiki kadhaa za baridi haulali vizuri, na usipolala hauamki na nguvu. Kwenye nchi za joto watu huotesha mbegu na kuulima kama mboga ya mwaka mmoja, basi. Kinachoua kisiki si jalidi, ni unyevu uliofungiwa juu ya macho yake. Samadi inawekwa pembeni, mduara, kichwa kikiwa wazi.

Nimeing'oa Timperley na kuitia kwenye pipa la taka, wala si kwenye mboji. Paundi 8 zimekwenda.

15 Aprili 2023

Timperley nyingine, nimeinunua ikiwa kwenye chungu tayari na majani. Sikuirudisha kwenye shimo la marehemu. Udongo wetu ni mfinyanzi, ukishika maji hauachii, kwa hiyo nimeinua tuta la kimo cha goti la mtoto, kama tunavyopandia viazi vitamu kwetu, nikaiweka juu. Mzee aliuliza hilo ni kaburi la nani.

21 Mei 2023

Victoria imetoa mkono mnene katikati, hauna jani, una kichwa kama ngumi. Nikauacha kwa udadisi. Ndani ya siku kumi umenipita kifua, ukapasuka maua meupe kama povu. Mke wangu akaupiga picha. Kisha nikagundua vikonyo vya pembeni vimesita kukua. Nguvu yote inakwenda kwenye mbegu. Nimeukata chini kabisa kwa kisu. Mke wangu ameutia kwenye jagi mezani, umedumu wiki.

9 Juni 2023

Koa 23 kwa tochi, saa tano usiku.

30 Julai 2023

Victoria ina majani 31, kubwa kuliko yote linanifunika kifuani. Sijachuma hata kikonyo kimoja. Mke wangu amewaambia wageni kwamba mume wake anafuga majani.

22 Oktoba 2023

Dhoruba waliyoipa jina la Babet imetunyeshea siku tatu mfululizo. Mbele ya nyumba barabara imegeuka mfereji. Uani Victoria imesimama katikati ya dimbwi; nimechimba mkondo kwa jembe usiku huo huo kupeleka maji kwenye mtaro. Timperley iko juu ya kaburi lake, kavu. Leo mzee ameliangalia lile tuta kwa muda, akaniuliza nililiinua kwa kimo gani.

24 Februari 2024

Mvua hazijakatika tangu Oktoba, uani pananata kama ugali mbichi, hakuna la kufanya. Kwa hiyo leo nimelipa kiingilio nikaenda kuona banda la rubabu ya gizani. Februari ndio mwezi wake, na mji wa Wakefield una tamasha zima kwa ajili ya kitu hiki.

Nje ni banda refu la kawaida, la chini, halina dirisha. Unaingia, mlango unafungwa nyuma yako, na kwanza huoni kitu. Joto la kama chumba cha mgonjwa, hewa nzito, harufu ya udongo uliolowa. Kisha macho yanazoea. Mishumaa imechomekwa kwenye vijiti, mmoja huku, mmoja kule, na chini yake, kuta hadi kuta, vikonyo vya rangi ya waridi vimesimama wima maelfu kwa maelfu, kila kimoja kina kijani kidogo cha njano kichwani, kimejikunja kama leso. Sikutegemea kwamba patanifanya ninyamaze. Mama mmoja mbele yangu alikuwa ananong'ona kama tumeingia ibadani.

Halafu mwenyeji wetu akatuambia tusikilize. Tukatulia. Pap. Kimya. Pap, pap, upande wa ukutani. Ni ngozi ya jicho inapasuka kikonyo kinapojisukuma nje. Huu mmea unakua kwa sauti.

Maelezo yake niliyaandika nyuma ya tiketi. Visiki vinakaa shambani miaka miwili bila kuchumwa, vinajaza sukari kwenye mizizi. Vinaachwa vipigwe na jalidi ipasavyo. Mkulima anachomeka kipimajoto ardhini na kuhesabu baridi, na kila aina ina kiasi chake kabla ya kuhamishwa bandani. Ndani ya giza na joto kisiki kinadhani ni majira ya kuchipua, kinaachia akiba yake yote kutafuta mwanga usiokuwepo. Jani halina kazi kwa hiyo linabaki dogo, na sukari inakwenda kwenye kikonyo. Wanavuna kwa mishumaa kwa sababu mwanga mkali ungekikomaza na kukitia ukijani. Kisiki kikimaliza hapo kimekwisha, kinarudi shambani kama mbolea.

Mbinu yenyewe iligunduliwa kwa bahati mwanzoni mwa karne ya 19 kwenye bustani ya dawa ya Chelsea, London, visiki vilipofukiwa kwa udongo bila kukusudia. Lakini Yorkshire ndiyo iliyojenga mabanda, maana ilikuwa na kila kitu mlangoni: makaa ya mawe ya kupashia joto, baridi ya kutosha, na takataka za sufu kutoka viwanda vya nguo, ambazo zikioza zinaachia naitrojeni polepole. Bado wapo wanaozimwaga shambani hadi leo. Treni maalumu ilikuwa ikiondoka stesheni ya Ardsley usiku kwenda London, kutoka Krismasi hadi Pasaka. Kisha vita vya pili vya dunia vikaisha, watu waliolishwa rubabu bila sukari wakaichukia, ndizi na machungwa vikaingia kwa wingi, na mabanda mengi yakavunjwa. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliipa rubabu ya gizani ya Yorkshire hifadhi ya jina.

Nimenunua kilo moja kwa bei ya kilo mbili za nyama. Sikumwambia mtu nyumbani.

27 Aprili 2024

Mavuno ya kwanza! Unashika kikonyo chini kabisa, dole gumba ndani ya mfereji wake, unavuta huku unazungusha kidogo, kinaachia kwa sauti ya kizibo. Hukati kwa kisu, kipande kinachobaki kinaoza na kuoza kunashuka kwenye kisiki. Nimetoa tisa kwenye Victoria na vitano kwenye Timperley, nimeacha zaidi ya nusu. Kilo 1 na gramu 700.

Jikoni nimefanya kosa la mtu anayejiamini. Nimekata vipande, nikavitia kwenye sufuria yetu ya alumini, ile tuliyoletewa na shangazi kutoka Tanga, na vitunguu na pilipili, moto mdogo. Nikaenda kusali. Kurudi, vipande hakuna. Rubabu haipikwi, inayeyuka. Dakika kumi tu imekuwa uji wa rangi ya kijivu. Nikaumimina. Ndani ya sufuria, pale uji ulipofika, alumini inang'aa kama siku iliponunuliwa, na juu ya mstari imebaki nyeusi ya miaka yake yote. Mke wangu akafurahi: basi nimepata sabuni ya masufuria. Ule uji ulikuwa na ladha ya shilingi. Nikaumwaga. Tindikali inakula alumini. Kwa rubabu tumia chuma kisichoshika kutu au chombo cha enameli.

28 Aprili 2024

Jaribio la pili, la achari. Sikupika kabisa. Vikonyo vimekatwa vipande vya nusu kidole, chumvi, vimelala usiku kucha kwenye chujio. Asubuhi vimetoa maji kikombe kizima. Nikavikausha kwa kitambaa, maana jua la kuanikia ndilo hilo halipo, nikavichanganya na haradali iliyotwangwa, kitunguu saumu, manjano na pilipili kichaa, halafu mafuta ya moto juu yake. Nimeonja mchana kwa wali. Haina ile harufu ya mbirimbi, wala nisiwadanganye. Lakini uchachu ndio wenyewe, na si bure: mbirimbi na rubabu zote zinaupata kwa sehemu kutoka kwenye tindikali ile ile, ya oksaliki. Meno yalijua kabla yangu.

Uji wa rubabu nao una kazi yake. Jioni nimeyeyusha mwingine, nikautia kwenye mchuzi wa samaki mahali pa ukwaju, dakika tano kabla ya kuepua. Hapo hata mke wangu alinyamaza, akaongeza.

1 Juni 2024

Hili naliandika likiwa bado la moto.

Mama mkwe amefika kutoka Pangani wiki iliyopita, mara yake ya kwanza kuja huku. Jana nimechuma tena, nikakata majani na kuyarundika pembeni ya mboji, kama kawaida. Leo nimetoka zamu saa mbili asubuhi, nikafungua mlango wa jikoni, nikamkuta ameketi kwenye kiti kidogo, beseni miguuni, kisu mkononi, anakata majani ya rubabu. Nyuzi nyembamba kabisa, za mtu aliyekata mboga miaka hamsini. Nazi ya kopo imefunguliwa. Kwenye jiko maji yanatokota, na pembeni yake kijifuko cha magadi alichokuja nacho safarini.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu, pole na kazi. Mbona mnatupa mboga nyie? Majani mazuri hivi, kama ya maboga."

Sasa mwanamume amwambie mama mkwe wake amwage chakula? Miguu ilikwisha nguvu. Nikachuchumaa mbele ya beseni, nikamwambia, Mama, nisamehe sana, kosa ni letu hatukukuambia, haya majani ni sumu. Akaniangalia. "Sumu? Na jana si tumekula mkono wake?" Tumekula Mama, mkono unaliwa, jani haliliwi. "Kama muhogo mchungu basi." Nikashukuru Mungu kwa muhogo mchungu. Nikasema naam, ila sumu hii haiondoki kwa kuchemsha.

Ile tindikali ya kwenye kikonyo, kwenye jani ni nyingi zaidi, na jani lina vitu vingine tena vya kuvuruga tumbo. Kiasi cha kumwua mtu mzima mwenye afya ni kikubwa, lakini kuumiza figo na kutapisha nyumba nzima hakuhitaji kiasi hicho, na mimi nina watoto wawili. Magadi yangezidisha, kwa sababu huifanya hiyo tindikali iyeyuke vizuri zaidi majini. Waingereza wenyewe waliingia mtego huo: vita vya kwanza vya dunia, chakula kilipopungua, watu walihimizwa kula majani ya rubabu kama mboga, wakaugua, na wengine wakafa, hadi ushauri ule ukaondolewa. Nikamsimulia hilo. Ndilo lililomtuliza, kwamba hata wenye nchi walikosea.

Beseni nimelimwaga kwenye mboji, huko hayana neno, yanaoza kama majani mengine. Nazi ya kopo tumepikia mchicha. Kuanzia leo majani yanakatwa pale pale shambani, hayavuki mlango wa jikoni.

Julai 2024

Nimeacha kuchuma tangu tarehe 30 Juni. Majani yaliyobaki yafanye kazi ya kujaza kisiki. Jumla ya mwaka: kilo 6 na nusu, chupa 11 za achari, mbili zimesafiri na Mama mkwe kwenda Pangani.

18 Januari 2025

Mwanzo wa mwezi tulipata theluji ya kuzamisha viatu, kisha jalidi juu yake. Mwaka huu sikufunika kitu, na nilikuwa na sababu: nataka Timperley ipigwe vilivyo. Leo nimeifunika pipa la taka jeusi, kichwa chini, tofali juu, na kila penye tundu nimeziba kwa tepu. Majani makavu nje ya pipa kuzuia ubaridi, ndani hakuna kitu juu ya macho. Nimejifunza.

Binti yangu wa miaka sita ameniuliza kwa nini nimeadhibu mmea.

12 Machi 2025

Wiki saba na siku nne. Kila Jumapili nilikuwa nachungulia kwa tochi, tena kwa haraka, kama mtu anayechungulia keki. Leo nimeinua pipa mbele ya familia nzima. Vikonyo 14, vyembamba, waridi juu na vyeupe chini, vijani vya njano vimejikunja. Gramu 900 tu. Vimekatika kwa mkono bila uzi hata mmoja. Binti yangu amekula kibichi kwa sukari, akafumba jicho moja. Lile lile la upande wa kushoto.

Timperley sasa imechoka, imetumia akiba yake. Haitachumwa tena hadi 2026, na pipa haitaliona kabla ya mwaka wa pili kupita. Mzee anasema yeye angeipa miaka miwili ya kupumzika.

13 Julai 2025

Mwaka wa ukame. England haijaona majira ya kuchipua makavu kama haya kwa zaidi ya miaka 100, na tangu juzi, tarehe 11, Yorkshire imepigwa marufuku kumwagilia kwa mpira. Mfinyanzi uliokuwa uji mwaka jana umepasuka, nyufa zinaingia kidole.

Hapa tuta langu limenigeuka. Lililoiokoa Timperley na maji ndilo linaloikausha. Saa saba mchana majani yanalala chini kama ngamia. Jioni yanainuka kidogo, si yote. Maji ya kusuuzia vyombo yanakwenda kwake, ndoo mbili kila jioni, taratibu, pembeni ya kisiki. Samadi nimeirundika mduara mnene kuzuia udongo usikauke. Victoria, kule bondeni nilikochimba mkondo wakati wa Babet, haina habari. Mkondo nimeufukia.

Mavuno ya Victoria mwaka huu kilo 5. Nimesimama mapema Juni, vikonyo vilianza kuwa vyembamba.

20 Novemba 2025

Jana usiku kipimajoto cha dirishani kimeshuka hadi nyuzi 4 chini ya sifuri. Asubuhi majani yote yameanguka chini kwa pamoja, yamelegea kama nguo zilizotolewa kwenye maji. Nimeyaokota, hayavutwi, yanaachia yenyewe. Macho ya Victoria nimeyahesabu: tisa, kutoka matatu. Ya Timperley manne, na moja dogo ubavuni.

Mama amepiga simu nikiwa bado uani, vidole vimekufa.

"Umevifunika?"

"Sijavifunika Mama. Nimeviacha hivyo hivyo."

"Haya. Na wewe je, umevaa kofia?"